Oili gani kwa Aqua na Prius za hapa Unguja

Fungua boneti, tazama mfuniko wa kutilia oili. Hibridi (gari za petroli na umeme) nyingi za Toyota kutoka Japani zina maandishi 0W-20 hapo hapo. Anzia hapo, si kwenye dumu alilonalo fundi.

0W ni wepesi wa oili injini ikiwa baridi. 20 ni uzito wake ikishapata moto. Injini ya hibridi huzima na kuwaka mara nyingi njiani, kwa hiyo inataka oili inayopanda haraka. Ikikosekana 0W-20, 5W-30 hufaa ikiwa kitabu cha gari kinairuhusu. Baridi ya kuhitaji 0W huku hatuna. 20W-50 iacheni kwa injini kongwe: ni nzito, huchelewesha VVT-i (mfumo unaopanga muda wa vali kufunguka) na hula petroli zaidi. Kwenye dumu tafuta alama ya ubora, API SN au SP.

Aqua yenye injini ya 1NZ-FXE huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, Prius ya 2ZR-FXE lita 4.2. Tia pungufu kidogo, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, kisha ongeza. Kabla ya kufungua nati ya chini ya kumwagia oili hakikisha taa ya READY kwenye dashibodi imezimika na ufunguo uko mbali. Injini hizi huweza kujiwasha zenyewe.

Safari fupi za Darajani–Mwanakwerekwe tu hazipashi injini moto vya kutosha. Ukiona utando kama maziwa chini ya mfuniko, ni unyevu. Ikiwa maji ya rejeta hayapungui, badilisha oili mapema, kilomita 5,000 au miezi sita.