Kabla hujaingia yadi kununua gari hapa Dodoma

Watu wengi wanadhani bei ya gari inashushwa palepale yadi kwa maneno mazuri, mimi naona inashushwa nyumbani, wiki moja au mbili kabla, ukiwa na simu yako na daftari. Ukifika unachojua ni kwamba unataka Toyota IST basi, muuzaji ameshakusoma kabla hata hujafungua mlango wa gari.

Kwahiyo anza na bei. Chagua aina moja au mbili tu, mwaka na cc (ukubwa wa injini), pita kwenye matangazo ya Dar na ya hapa andika bei zote unazoziona, halafu ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) cha magari yaliyotumika uone mtu akiiagiza leo atalipa kodi kiasi gani, jumlisha na bei ya Japani mpaka bandarini, hapo umeshakaribia kujua gari imemgharimu ngapi huyo muuzaji. Ujue pia gari ndogo ikifika miaka 8 toka itengenezwe inaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, ikivuka 10 ni asilimia 30, ndo maana gari ya zamani saa nyingine haina unafuu ulioutegemea. Atakwambia ameitoa Dar, sawa, ila Dar ni kama kilomita 450, ni mafuta na dereva, hiyo haiwezi kuwa milioni mbili. Na siku hizi treni ya SGR ipo, unaenda asubuhi unazunguka yadi za kule usiku uko Dodoma, mwambie hivyo kwa upole tu, anajua unaweza.

Usidanganywe na namba. Namba E (herufi zake zinaanza na E) inaonyesha gari imesajiliwa lini hapa nchini, haisemi imetengenezwa lini, gari ya 2005 inaweza kuwa na namba mpya kabisa. Mwaka usome kwenye kadi, na namba ya chesisi ilinganishe na iliyogongwa kwenye gari yenyewe, kwa macho yako.

Kama ni gari ya mkononi ambayo mwenyewe ameiacha yadi iuzwe, hapo kuwa makini zaidi. Omba namba ya usajili mapema uangalie faini za trafiki, deni la parking na kama bima bado hai, vyote vinaonekana mtandaoni. Uliza kadi orijino iko wapi, wakianza kusema iko kwa mtu fulani itakuja, achana nayo hata kama bei ni tamu, inawezekana kabisa imewekwa dhamana mahali.

Fundi nenda na wa kwako, tena asubuhi, injini ikiwa ya baridi, waambie kabisa wasiiwashe kabla hujafika. Apime na mashine, aangalie shokapu, bushi, oili ya giaboksi na feni ya rejeta maana jua la huku halina huruma, na vumbi la barabara za mitaani humalizia kilichobaki. Matairi yana tarakimu nne pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, tairi inaweza kung'aa na bado ni ya kutupa. Kila kasoro iandike na bei yake ya kutengeneza, hiyo karatasi ndo itakayoongea kwa niaba yako.

Halafu panga hela yako yote, sio ya gari peke yake. Kubadilisha umiliki kuna ada TRA, kuna kadi mpya, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei (gari ya milioni 12 ni laki na ishirini), bima, na TIN uwe nayo tayari. Ukishatoa hivyo vyote ndo unapata namba yako ya mwisho, na usimtajie mtu. Huu ni mji wa watumishi, muuzaji akiuliza "boss uko ofisi gani, Mtumba?" (ndiko ziliko wizara) anapima mkopo wako umetoka au bado.

Usianze na "bei ya mwisho ngapi". Sema "kaka, gari nimeipenda, ila matairi ni ya 2018 na shokapu za nyuma zinavuja, mimi niko kwenye milioni kumi na laki tano", kisha nyamaza, mwache yeye aongee. Mkikubaliana, lipa benki kwenye akaunti ya kampuni, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na risiti ya EFD iandikwe bei ileile uliyolipa.