Umepewa projekti ya ringi zenye naitrojeni? Anza na klorokwini

Wanafunzi wa kemia wengi wakipewa projekti ya dawa wanakimbilia kuchora molekuli kubwaa, ringi zimebanana kama abiria wa daladala, halafu ukiwauliza hiyo naitrojeni inafanya kazi gani humo ndani, kimya. Mimi nakwambia anza na hilo swali.

Chukua klorokwini, ile dawa ya malaria. Ina kwinolini, yaani ringi mbili zilizoshikana na naitrojeni moja ndani, na mkia wenye naitrojeni zingine. Kimelea wa malaria ana kijitumbo chenye asidi anakosagia hemoglobini yetu, sasa dawa ikiingia humo zile naitrojeni zinadaka protoni, dawa inapata chaji, haitoki tena, inajazana. Kwenye hemoglobini kunabaki himu, ile sehemu yenye chuma, ambayo kwake ni sumu, kawaida anaigeuza fuwele akaendelea na maisha, klorokwini inamzibia hapo hapo. Anakufa na mlo wake.

Ukishaelewa hivyo unajua cha kugusa. Klorini iliyo kwenye nafasi ya 7 ya ringi iache, ukiitoa nguvu inashuka. Cheza na mkia. Vimelea sugu wana protini ya PfCRT iliyobadilika, inaitoa dawa nje ya kijitumbo, ndo maana Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza 2001 (wazee wanaikumbuka zaidi kwa ule muwasho). Ila mkia ukiufupisha kuwa kaboni 2 au 3 kati ya naitrojeni na naitrojeni, au ukaurefusha hadi 10 au 12, sugu wengi wanakamatika. Urefu wa katikati ndo unaofeli.

Maabara: agiza 4,7-dikloro kwinolini, pasha moto na daiamini uliyochagua (mnyororo wa kaboni wenye naitrojeni kila mwisho, huo ndo utakuwa mkia). Klorini ya nafasi ya 4 inatoka kirahisi coz naitrojeni ya ringi inavuta elektroni, ile ya 7 inabaki. Daiamini iwe nyingi kupita kiasi, la sivyo moja inashika kwinolini mbili na umepata kitu kingine. Tengeneza molekuli kama nane hivi, kila moja badilisha kitu KIMOJA tu, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia.

Kwenye pleti ya TLC (kibao kilichopakwa silika, kinatenganisha vitu vilivyochanganyika) usishtuke. Mara ya kwanza nilipoweka chini ya taa ya UV niliona mchirizi mrefu kama moshi wa kibatari, nikajua ni uchafu, nikamwaga kazi ya siku mbili. Kumbe amini, yaani molekuli zenye naitrojeni kama hizi, zinang'ang'ania silika kwa sababu silika ina asidi kidogo. Weka traithilamini, ambayo ni besi, kama asilimia 1 kwenye kiyeyushi, doa linakaa duara safi.

Usafi uwe asilimia 95 kwenda juu kabla ya kupeleka kwa watu wa vimelea, na waombe wapime aina mbili za kimelea, 3D7 ambaye si sugu na Dd2 ambaye ni sugu. Kiasi cha dawa kinachowaua kikikaribiana kwa wote wawili, hapo una kitu. Pima na seli za binadamu pia, sumu inaua kila kitu hata kimelea.

Halafu fikiria ini. Amodiakwini ni ndugu kabisa wa klorokwini, ila ringi yake ya fenoli (ringi iliyobeba OH) mwilini inageuzwa kuwa kitu kinachonasa protini, na wasafiri waliokuwa wanaimeza kila wiki kama kinga baadhi waliharibika ini na wengine chembe nyeupe za damu zikaporomoka. Kwa hiyo ukiona fenoli ya hivyo kwenye mchoro wako, ibadilishe ukiwa bado kwenye karatasi.