Namna ya kupima fedha za nchi ya nje zinapofika mwaloni

Anzeni na ubao wa mradi, ule unaosimikwa kando ya mwalo, pale samaki wanaposhushwa. Shukeni hadi mstari wa mfadhili. Bendera na jina la mkandarasi yaacheni kwanza. Daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza limejengwa na kampuni za China kwa fedha za Serikali ya Tanzania. Ukiliita msaada wa China, hesabu imeharibika kabla hujaianza.

Halafu ulizeni halmashauri: ni ruzuku au mkopo? Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) huuita mkopo nafuu pale sehemu ya ruzuku ndani yake, yaani unafuu wa riba na muda wa kulipa, inapofika asilimia 35.

Muda mwingi utumieni kwenye kifungu cha manunuzi. Chukulieni mtambo wa barafu. Mmepewa bure, lakini kompresa, gesi na fundi lazima vitoke kwa mfadhili. Kompresa ikiungua, sangara wanalainika, mnunuzi anashusha bei, na mwenye kipuri sasa ana neno nanyi. Daini vipuri vya miaka miwili, mtambo wa aina ambayo hata wauzaji wa Mwanza wana vifaa vyake, na mafundi wawili wa hapahapa wafundishwe kabla ya makabidhiano.

Serikali nazo hubanwa hivyohivyo. Yemen ilipopinga azimio namba 678, la kuruhusu nguvu itumike dhidi ya Iraq, kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, Marekani ilikata msaada wa takriban dola milioni 70. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Nyerere akaukataa na msaada wao mwingine. (Gharama yake haikuwa ndogo, tusidanganyane.)

Nchi mbili kupatana nipe nikupe si uovu, kama sharti linaweza kusomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Uovu unaanza anapolipwa mtu badala ya umma: posho, safari, bahasha kwa wanaokwenda kupiga kura. Kwa hiyo mwaliko wa "ziara ya mafunzo" ukija, ulizeni nani kawachagua wasafiri, siku ngapi, na uamuzi gani unasubiriwa wakirudi.

Yote yaingie kwenye muhtasari wa BMU, kikundi chenu cha kusimamia mwalo: thamani, aliyelipa, alichoomba. Kama hakuomba kitu, andikeni "hakuna kilichoombwa", naye mwakilishi wa mfadhili asaini. Akisita, mtambo ubaki juu ya lori kwanza.