Nusa aspirini kabla ya kumeza

Ukifungua kichupa cha aspirini ukakutana na harufu ya siki, usimeze. Kiini chake, asidi asetilisalisili, kikipata unyevunyevu huvunjika na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ndiyo maana huku pwani, yangu naiweka kabatini chumbani, kifuniko nimekikaza, si jikoni wala bafuni.

Kubwa zaidi: homa ikikushika msimu wa dengi, usikimbilie aspirini hata kichwa kikigonga vipi. Inapunguza damu kuganda, na dengi yenyewe inaweza kukutoa damu. Meza parasetamo kwa kipimo chake, ukapimwe. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila daktari. Mwenye kumeza ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo asiiache ghafla, amuulize daktari wake siku hiyohiyo.