Somo: Kumwagilia bonsai kwenye jua na upepo wa Dodoma

Kinachoua bonsai nyingi (miti inayotunzwa ibaki midogo ndani ya chungu) hapa Dodoma ni ratiba. Kikombe kimoja kila asubuhi, iwe kifuku iwe kiangazi. Chungu chenye kina cha sentimita 5 kikipigwa na upepo wa Agosti kinaweza kukauka kabla ya jioni. Mwezi Januari chungu hichohicho kinakaa siku mbili kikiwa chepechepe. Kwa hiyo pima kwanza.

1. Chomeka kijiti cha mshikaki karibu na shina, kikaribie kugusa chini ya chungu. Kiache dakika 10, kichomoe. Kikiwa kimelowa, usimwagilie. Unyevu ukibaki kwenye ncha tu, wakati umefika. Usingoje kikauke kabisa.

2. Tumia keni yenye kichwa cha matundu madogo, maana maji ya kopo yanachimba udongo na kuacha mizizi wazi. Lowesha udongo wote mpaka maji yatoke chini. Subiri dakika 5, kisha rudia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mara ya kwanza maji hupita kwenye nyufa na kando ya chungu, huku katikati ya mizizi kukibaki kukavu. Mara ya pili udongo umeshalainika, unapokea.

3. Maji yakiteleza tu juu, zamisha chungu kwenye beseni hadi ukingoni. Mapovu yakiisha, kitoe kichuje.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Mkwaju wangu una majani ya njano na namwagilia kila siku.
– Marahaba. Utoe taratibu uangalie mizizi. Ikiwa myeusi, laini na inanuka, imeoza kwa kukosa hewa. Kata iliyooza, acha kutumia udongo wa mfinyanzi, panda kwenye mchanga mnene na tofali la kuchoma lililopondwa, punje za milimita 2 hadi 5. Vumbi lote lichekeche ulitupe.

Kuna utando mweupe kwenye shina na chungu. Ni ugonjwa?
– Hapana, ndugu, ni chumvichumvi za maji ya kisima. Sugua kwa mswaki mkavu. Kinga maji ya mvua uyatumie kumwagilia, na usiache sahani yenye maji chini ya chungu, chumvi itarudi juu.

Mbuyu umepukutisha majani Juni, niongeze maji?
– Punguza, dada. Umepumzika, na bila majani haunywi. Udongo ukae mkavu, uuloweshe kidogo sana mara mojamoja, mpaka vichipukizi vianze.