Namna ya Kuiandaa Baiskeli ya Zamani na Kuieleza Mbele ya Wapenzi Wenzako

Ukiiegesha baiskeli ya zamani chini ya mwembe wowote mjini Tabora, robo saa haiishi kabla mtu hajasimama na kuuliza ni ya mwaka gani, ilipatikana wapi na kama inauzwa. Nimeandika maelezo haya kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, hukutana Jumapili na wapenzi wenzao wa baiskeli za zamani ili kila mmoja aonyeshe yake, aitazame ya mwenzake na kuijadili kwa kina. Wengi huanza maandalizi kwa kununua rangi. Mimi naamini maandalizi huanza kwa kuijua baiskeli yenyewe, kwa kuwa baiskeli inayong'aa ya mtu asiyejua alichonacho huishiwa maneno mapema, ilhali ile yenye mikwaruzo ambayo mwenyewe anaweza kuieleza kipande kwa kipande huwaweka watu hapo mpaka jua linazama.

Basi anza kwa kuisoma. Ipindue, kiti na usukani vikae chini juu ya gunia, kisha tafuta namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa kwenye kiungo kilicho chini ya kiti au chini ya fremu mahali kranki, yaani mikono inayoshika pedeli, inapopita. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usugue chaki juu ya namba na kufuta ya ziada, nayo itasomeka. Angalia pia nembo: Raleigh asili yake ni Nottingham, Uingereza; Hero ni ya Ludhiana, India; Phoenix ni ya Shanghai, China. Hata hivyo nembo peke yake haitoshi, kwa kuwa baiskeli zetu zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na si ajabu fremu ya Raleigh kubeba usukani wa Hero na pedeli za Kichina. Hesabu spoku. Baiskeli za kawaida za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo ukikuta 36 kwa 36, una sababu ya kuuliza kama magurudumu yalibadilishwa.

Kitu kinachosema ukweli kuliko vyote ni kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu, hasa ikiwa ni ya gia tatu za ndani iliyotengenezwa na Sturmey-Archer. Aina inayopatikana zaidi ina herufi AW, nayo ilianza kutengenezwa mwaka 1936. Juu ya chuma chake hupigwa tarakimu za mwaka na mwezi ilipotoka kiwandani. Siku moja mzee mmoja wa Ng'ambo alikuja na Raleigh nyeusi, akatueleza kwa fahari kwamba ililetwa na babu yake enzi za Wajerumani. Wajerumani waliondoka Tabora Septemba 1916, walipoingia Wabelgiji, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiona habu ile kwa mbali. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ruhusa yako niifute habu ya nyuma, tuione vizuri."

Akaniruhusu. Nilipoondoa grisi iliyokauka, zikatokea herufi AW, kisha 58, kisha 3. Sikusema neno, nilimpisha asome mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya zile tarakimu mara mbili, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ile ya babu ilikuwa nyingine, na hii ni ya baba." Kutoka hapo alitusimulia kuhusu baba yake kwa saa nzima, na hakuna aliyeondoka. Nakisimulia kisa hiki ili uone namna ya kumsahihisha mtu aliyekuzidi umri: usimtangazie kosa mbele ya watu, bali mwoneshe chuma na umwache akisome. Ujue pia kwamba mwaka wa habu si lazima uwe mwaka wa fremu, kwa kuwa magurudumu hubadilishwa. Sema tu, "Habu ni ya Machi 1958," na uishie hapo.

Ukishaijua, isafishe. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kosa ninalolieleza nililifanya mimi. Raleigh niliyorithi kwa baba ilikuwa na mistari myembamba ya dhahabu kwenye madigadi na nembo ya kichwa cha korongo mbele ya fremu, vyote vikiwa vimefifia lakini vipo. Nilimpa fundi aipake rangi upya, naye akaipiga msasa yote na kuipaka nyeusi moja inayong'aa kama sufuria mpya. Baba alikuwa ameisukuma baiskeli ile kwa miaka zaidi ya 30 kwenye barabara ya Urambo, na alama zote za mikono yake zilikwenda na vumbi la msasa. Rangi ya kwanza haipatikani mara ya pili. Kwa hiyo osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, tumia kitambaa laini cha pamba, na pale penye nembo gusa kwa wepesi bila kusugua. Kutu iliyo juu ya kromu ya usukani na ringi huondolewa kwa karatasi ya fedha iliyoloweshwa maji: ikunje, sugua taratibu, futa, rudia. Kutu iliyokula mpaka ndani iache, ila ipake mafuta kidogo isiendelee.

Kiti cha ngozi kinahitaji uangalifu wa peke yake, na katika hili sisi watu wa Tabora tumebarikiwa, kwa kuwa nta ya nyuki tunayo nyumbani. Yeyusha nta kidogo pamoja na mafuta ya mnyama katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja juu ya moto, kisha ikipoa paka ngozi kwa kidole. Upande wa chini upewe zaidi kuliko wa juu, kwa kuwa chini ndiko ngozi inakonyonya vizuri na ndiko jasho na vumbi havijaifunga. Acha ilale usiku mmoja, asubuhi futa kwa kitambaa kikavu. Usiloweke ngozi mafuta mpaka ikalegea. Kiti kilicholegea kikibonyea katikati ni vigumu kukirudisha.

Cheni usiiogeshe oili, kwa sababu mchanga wetu huinata na kuigeuza msumeno unaokula meno ya gia. Tia tone moja kwenye kila kiungo, zungusha pedeli kwa dakika chache, halafu futa nje yote mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Kuipima ni rahisi: cheni mpya yenye pini 25 mfululizo ina milimita 304.8 kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 25. Ikifika 308 imechoka, nawe utakapoulizwa kwa nini cheni inaruka utakuwa na jibu lenye kipimo. Ukitaka kufungua pedeli, kumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hivyo hulegezwa kwa kuzungushwa upande wa mwendo wa saa. Pedeli nyingi zimeharibika kwa kusahau hilo.

Mazungumzo yanayopendwa kuliko yote baina yetu ni ya wepesi na uzito wa mwendo, na mara nyingi huwa ni ubishi mtupu kwa sababu hakuna aliyehesabu. Hesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma. Tuseme mbele ni 44 na nyuma 18: kila unapozungusha pedeli mzunguko mmoja, gurudumu huzunguka mara 2.44. Gurudumu la inchi 28 lenye tairi la kawaida la baiskeli hizi lina mzingo wa takriban mita 2.23, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli hukupeleka karibu mita 5.45. Mwenye habu ya AW hupata hiyo kwenye gia ya kati, hupungukiwa robo kwenye gia nyepesi na kuzidishiwa theluthi kwenye gia nzito, yaani takriban mita 4.1 na 7.3. Ukibadilisha gia ya nyuma ukaweka ya meno 20, gia ya kati inashuka hadi mita 4.9, na mtu anayebeba mzigo kwenye mchanga wa njia ya Kwihara ataihisi tofauti hiyo magotini. Andika namba zako kwenye kikaratasi, ukichomeke chini ya keria.

Siku ya kuonyesha, isimamishe kwenye stendi upande wa cheni ukiwatazama watu, pedeli ya kulia ikiwa mbele na kranki imelala sawa na ardhi, valvu za magurudumu yote mawili zikiwa chini, na usukani umenyooka. Nyuma yake pawe ukuta mtupu au shina la mwembe, si pikipiki na ndoo. Kama kuna wa kupiga picha, iwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa kuwa jua la mchana huzima nakshi za rangi na kukuachia mng'ao mtupu juu ya kromu. Picha moja iwe ya baiskeli nzima, piga nyingine ukiwa umeinama usawa wa habu, na nyingine ya mahali palipoharibika. Hiyo ya mwisho usiifiche. Ukisema mwenyewe kwamba uma wa mbele uliwahi kupinda na ukanyooshwa, kila utakalosema baada ya hapo litaaminiwa.

Watu watataka kuipanda, nami nashauri uwaruhusu wale unaowaamini, kwa kuwa baiskeli huelezeka vizuri zaidi ikiwa chini ya mtu. Waonyeshe kwanza breki za fimbo, ambazo hubana ringi kutoka ndani na hazishiki haraka kama za waya, hasa ringi ikiwa na maji. Kabla hujamshushia mtu mfupi kiti, pima urefu wa nguzo yake kutoka inapoingia kwenye fremu hadi kwenye kiti. Akirudi, ipandishe mpaka kipimo kile, kaza nati, uijaribu kwa kukalia mara moja kabla hujamkabidhi anayefuata.