Kurudi palepale Isimila

Ukitaka picha zionyeshe mvua zinavyokula nguzo za Isimila, Iringa, zile nguzo za asili zilizochongwa na mmomonyoko, piga picha Novemba na tena Mei ukisimama palepale. Usitie alama chini uliposimama, maji huizoa. Simama mahali ambapo ncha ya nguzo ya karibu inaonekana kugusa ufa wa mwamba wa nyuma, kisha tafuta jozi nyingine kama hiyo upande wa pili wa picha. Ukirudi Mei, sogea mpaka jozi zote mbili zikae kama kwenye picha ya Novemba. Hatua moja tu pembeni huzitenganisha. Tumia lenzi ileile, na mawingu mepesi: jua la mchana Novemba liko kusini, Mei kaskazini, vivuli hugeuka na kufanana na mmomonyoko. Ncha ikimeguka umekwama, hivyo chagua pia jozi ya tatu ya akiba, ya mwamba mgumu.